Kutoka Lubumbashi hadi jangwa la Namib wakati wa joto: uchambuzi wa safari ya familia moja

Mwanzoni mwa Septemba 2024 shemeji yangu alipita kwangu jioni na karatasi mbili za daftari zilizokunjwa mfukoni. Ilikuwa programu ya vakansi ya Noeli: watu 6, siku 14, gari moja aina ya Toyota Noah, kutoka hapa Lubumbashi hadi hifadhi za jangwani za Namibia na kurudi. Alikuwa ameiandika kwa kalamu mbili, ya bluu kwa barabara, nyekundu kwa mahali pa kulala. Nyekundu zilifuatana hivi: Etosha, Skeleton Coast, Sossusvlei, Fish River Canyon, Kgalagadi, nyumbani.

"Mudogo, barabara hii wewe unaijua," akaniambia. "Angalia, uniambie kama inasimama."

Barabara naijua kwa sababu ya kazi. Niko katika ofisi ya transiti, naandaa hati za forodha za mizigo inayopanda kutoka bandari ya Walvis Bay kupitia Katima Mulilo, Livingstone, Lusaka na Ndola mpaka Kasumbalesa. Madereva wa malori hunipigia simu kutoka kila kituo, kwa hiyo najua wanalala wapi na wanachelewa wapi. Mimi mwenyewe nilifika bandarini mara moja tu, Julai 2019, nimekaa kiti cha abiria ndani ya lori. Mara hiyo moja ilinipa uhakika mwingi kuliko nilivyostahili, na msomaji ataona ulipotugharimu.

Nakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu familia nyingi za hapa zinaanza kuwaza safari ya namna hii, na programu wanazozikuta zimeandikwa kwa ajili ya mtu anayeshuka kwenye ndege Windhoek, anapokea gari jipya la kukodi, hana mzee wala mtoto kwenye kiti cha nyuma. Shemeji alikuwa na wote wawili. Ndani ya Noah walikuwa waingie yeye, yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, binti yao wa miaka 16, wavulana wawili wa miaka 12 na 6, na mama yake shemeji, mwenye miaka 71, ambaye nyumba nzima inamwita nkambo.

Hesabu ya kilomita

Tulianza na jambo jepesi. Lubumbashi hadi Kasumbalesa ni kama kilomita 95. Kutoka mpakani hadi Lusaka, ukipitia Chingola, Kitwe, Ndola na Kapiri Mposhi, ni kama 450. Lusaka hadi Livingstone, 475. Livingstone hadi daraja la Zambezi pale Sesheke na Katima Mulilo, 200. Katima hadi Rundu, 510. Rundu hadi Grootfontein, 250. Ukifika lango la mashariki la Etosha umeshatembea zaidi ya kilomita 2,100, na jangwa lenyewe la mchanga bado hujaliona. Sesriem, lango la Sossusvlei, iko karibu kilomita 3,000 kutoka nyumbani.

Mzunguko mzima wa shemeji, pamoja na kushuka kusini mpaka Fish River na Kgalagadi, ulipita kilomita 7,500. Gawa kwa siku 14: zaidi ya 500 kila siku, bila siku hata moja ya kukaa. Dereva alikuwa mmoja. Nilimwonyesha hesabu, akaitazama kimya, akasema atamwomba bosi wake wiki tatu. Alizipata. Programu ikawa na siku 21, kuanzia Jumatatu tarehe 16 Desemba hadi Jumapili tarehe 5 Januari. Fish River ilijifuta yenyewe: bonde lile, lenye urefu wa kilomita kama 160 na kina kinachofikia mita 550, linaruhusiwa kushukwa kwa miguu kuanzia Mei 1 hadi Septemba 15 tu, kwa sababu ya joto. Kutembea siku tatu za ziada ili mtu achungulie ukingoni na kugeuza gari, hapana. Kgalagadi na Skeleton Coast tulizifuta jioni hiyohiyo.

Lakini kilomita hazikuwa tatizo kubwa la programu ile. Tatizo kubwa lilikuwa neno moja.

Neno "été"

Binti wa miaka 16 ndiye aliyekuwa amesoma zaidi kuliko sisi sote. Kila alichosoma kwa Kifaransa kilisema Etosha na Namib zinapendeza "en été", yaani majira ya joto, Julai na Agosti. Baba yake naye alikuwa amesoma kwamba Desemba ni "été" kule Namibia. Wakakubaliana mezani kwamba basi Desemba ni sawa, kwa kuwa ni été, na été ndiyo inayosifiwa. Hakuna aliyedanganya. Mwandishi wa Ulaya anahesabu majira ya kwao: Julai yake ya joto ndiyo Julai ya baridi huku kusini, wakati wa ukame, wanyama wanapojaa kwenye visima. Desemba ni été ya Namibia yenyewe, na hiyo ndiyo miezi ambayo mchanga wa Sossusvlei unachoma nyayo mchana.

Kiswahili nacho kilituongezea utata. Hapa Lubumbashi kiangazi ni kuanzia Mei hivi, na Julai asubuhi tunavaa makoti. Kwetu, kiangazi na baridi ni ndugu. Desemba ni mvua, na mvua inatupunguzia joto. Joto letu kali liko Oktoba, kabla mvua haijashika. Kwa hiyo mtu wa Lubumbashi anayefikiria Desemba anafikiria matope, mawingu, mwavuli. Mwili wake haujui nyuzi 40. Mji wetu uko juu, karibu mita 1,200, na hata Oktoba ni nadra kufika 35.

Tangu siku ile niliwaomba nyumba nzima waache kutaja majira kwa jina. Tutaje mwezi, na pembeni ya mwezi tuandike nyuzi joto za mahali penyewe. Binti alichora jedwali akalibandika ukutani sebuleni: Tsumeb, Okaukuejo, Sesriem, Swakopmund, na chini ya kila moja Julai na Desemba. Ukiliona jedwali lile huhitaji maelezo mengine. Sesriem, Desemba: mchana unapanda kuelekea 40. Swakopmund, kwenye bahari ya jangwa hilohilo, Desemba: mchana kama 20, na ukungu asubuhi.

Tofauti hiyo ina sababu yake. Mkondo wa bahari unaoitwa Benguela unaleta maji baridi kutoka kusini, yanapita kandokando ya pwani ya Namibia. Hewa juu ya maji hayo inapoa, inakuwa ukungu, na ukungu unaingia nchi kavu kilomita makumi kadhaa. Ndio unaonywesha mimea na wadudu wa Namib, na ndio mkondo uleule unaozuia mvua isifike. Jangwa moja, lakini kwa siku moja unaweza kuwa na sweta upande huu na kuungua upande ule. Jambo hili ndilo lililokuja kuokoa safari.

Saa za kutumia

Sasa nifike penye mawazo yangu hasa. Programu ya safari ya jangwani wakati wa joto isipangwe kwa kilomita wala kwa idadi ya siku. Ipangwe kwa saa za siku ambazo mwili unaweza kuzitumia nje. Zihesabu hizo kwanza, halafu kila kitu kingine kiingie ndani yake.

Chukua Sossusvlei mwishoni mwa Desemba. Namibia na Lubumbashi saa ni moja, hakuna kugeuza mshale. Lakini Sesriem iko mbali sana magharibi, kwa hiyo jua linafuata nyuma ya saa. Sisi hapa Desemba jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Kule linazama karibu saa moja na dakika 40 usiku. Maana yake joto kali la mchana, ambalo kwetu linaanza kulegea saa kumi, kule linashika mpaka saa kumi na moja na kupita. Shemeji alikuwa ameandika "saa kumi jioni: kupanda Dune 45", kilima cha mchanga cha kule. Kwa saa ya mkononi ilionekana jioni nzuri. Kwa jua la Sesriem ni mchana.

Asubuhi nayo ina masharti. Lango la nje la Sesriem linafunguliwa jua linapochomoza, kama saa kumi na mbili na dakika chache. Anayelala ndani ya lango anaruhusiwa kutoka saa moja kabla. Kutoka pale hadi mwisho wa lami ni kilomita 60, halafu kilomita kama 5 za mchanga mlaini ambazo ni za gari la magurudumu manne yenye nguvu, ama unapanda gari la kubeba wageni. Kutoka hapo bado kuna kutembea kwa miguu hadi Deadvlei, kule kwenye ile miti mikavu, meusi mashina yake, iliyokufa kwa kiu karne nyingi zilizopita na haikuoza kwa sababu hakuna unyevu wa kuiozesha. Ukilala nje ya lango, ukajumlisha mwendo, foleni ya gari la mchangani na mguu, unafika Deadvlei saa mbili na nusu. Saa nne unatakiwa uwe umeondoka. Umebakiwa na saa moja na nusu, na nkambo yuko nawe, na mtoto wa miaka 6.

Nilifanya hesabu hiyo kwa kila mahali palipobaki kwenye karatasi. Etosha ilitoka vizuri zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu pale hutembei kwa miguu. Sheria inakukataza kutoka garini nje ya kambi. Malango yanafunguliwa jua likichomoza na kufungwa likizama, mwendo mwisho kilomita 60 kwa saa. Unazunguka asubuhi mpaka saa nne, unalala kambini mchana kivulini, unatoka tena saa kumi na moja. Niliwaambia watoto ukweli mapema: Desemba mvua zimeanza, maji yapo kila mahali, wanyama hawana haja ya kukusanyika kisimani kama Agosti. Simba huenda msimwone. Lakini ndio wakati swala wa kule, springbok, wanapozaa. Mtoto wa miaka 6 alisema yeye anataka wale wadogo.

Kwa Sossusvlei nilipendekeza ifutwe.

Binti alilia. Picha ya Deadvlei ilikuwa ukurasa wa kwanza wa simu yake tangu mwaka uliopita, na ni yeye aliyeanza maneno ya safari hii nyumbani. Sikuwa na jibu la kumfariji. Nilimwonyesha hesabu, akaielewa, akaendelea kulia. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki. Nilijua tu kwamba watu 6 wanasafiri kwa mwendo wa yule aliye dhaifu kuliko wote.

Alichokitaka nkambo

Tulikuwa tumepanga karibu wiki tatu bila kumuuliza nkambo lolote. Tulimhesabu kama mzigo wa kuangaliwa: dawa zake, kiti chake, mto wake. Jumapili moja baada ya chakula, bukari na samaki, yaya akamuuliza kwa utani kama yeye jangwa analitaka.

Nkambo aliuza samaki soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, zaidi ya miaka 30. Thomson, ule samaki wa barafu unaokuja kwa katoni, ambao kila nyumba ya Lubumbashi imekula. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akifungua katoni zilizoandikwa Namibia. Alisema jangwa halijui, wala halimdai kitu. Anataka kuona maji samaki yule anakotoka. "Nilisomesha batoto na ule samaki," alisema. "Niende nione kwake."

Hapo programu ikageuka. Bahari, ambayo shemeji hakuiandika hata kwa kalamu ya bluu, ikawa ndiyo mwisho wa safari, na jangwa likawa njia ya kuifikia. Na kwa kuwa bahari ile iko ndani ya jangwa, hatukupoteza Namib hata kidogo. Swakopmund na Walvis Bay, zikiwa kilomita kama 35 tu kati yao, zimezungukwa na mchanga. Dune 7 iko nje kidogo ya mji wa Walvis Bay. Mmea wa welwitschia, wenye majani mawili tu maisha yake yote na unaoweza kuishi zaidi ya miaka 1,000, unaonekana kwenye ukingo wa kaskazini wa hifadhi ya Namib-Naukluft, mwendo mfupi kutoka Swakopmund. Barabara kutoka Otjiwarongo kupitia Karibib hadi pwani ni lami mwanzo mpaka mwisho, gari dogo linapita. Na saa za kutumia, ambazo Sesriem zilikuwa chache vile, pale pwani ni siku nzima.

Tukaandika upya. Siku 6 za kwenda: Kitwe, Lusaka, Livingstone, Katima, Rundu, na Namutoni, kambi ya Etosha. Siku ya kwanza tuliifanya fupi makusudi kwa sababu ya Kasumbalesa. Hakuna ajuaye mpaka ule utamchukua saa 2 au 7, na Agosti ya mwaka huohuo Zambia ilikuwa imeufunga siku kadhaa. Siku 2 Etosha. Tarehe 24 kushuka pwani, ili nkambo asali misa ya Noeli kanisani kama alivyotaka. Siku 5 baharini, halafu kurudi polepole. Jumla kama kilomita 5,400. Na sharti moja ambalo sikukubali lijadiliwe: gari halitembei giza likiingia, popote pale. Kati ya Kongola na Divundu barabara kuu inakata hifadhi ya Bwabwata, karibu kilomita 190, na tembo wanaivuka wanavyotaka.

Tairi

Noah ilionekana nzima. Fundi wa shemeji alikuwa ameisifu. Lakini joto la lami ya Desemba kule haliangalii gari linavyoonekana, kwa hiyo Jumamosi moja tuliipeleka kwa kwado wetu, fundi wa tairi wa mtaa wa Katuba, nikamwomba aipandishe juu, afute ubavu wa kila tairi kwa kitambaa chenye maji.

Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna maandishi marefu, na mwisho wake kidude kama yai chenye tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi la mbele kushoto lilisomeka 3116: wiki ya 31 ya mwaka 2016. La mbele kulia 3116. Ya nyuma yote mawili, 0915. La akiba lilikuwa halisomeki kabisa. Meno yake yalikuwa marefu, mazuri, kwa sababu ni tairi za okazioni, za mtumba, zilizokaa sana bila kutembea. Kwado alikunja moja kidogo kwa goti, na pale chini ya meno tukaona mistari, myembamba kama nyufa za udongo uliokauka. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Watengenezaji wengi wanasema tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na miaka 10 lisivuke hata kama halijalika. Tairi la miaka 9 linaweza kukuvumilia kati ya Katuba na mjini kwa mwendo mdogo. Likibeba watu 6 na mizigo, kilomita 100 kwa saa, mchana wa nyuzi 38, ni rahisi kupasuka.

Shemeji alinunua mapya manne na moja la akiba, na akachagua lililo afadhali kati ya ya zamani liwe akiba ya pili, juu ya akiba mpya. Fedha hizo zilikuwa za hoteli. Ndiyo maana Livingstone na Rundu walilala nyumba za parokia na za wageni za bei ndogo. Naona ni fedha iliyotumika vizuri kuliko zote.

Mengine ya gari nitayapita haraka. Maji ya bomba yalitolewa kwenye radieta, ikawekwa dawa ya kupoza iliyochanganywa sawasawa. Gesi ya klimatiza ikajazwa. Upepo wa tairi upimwe asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi. Likipata moto ukaona upepo umepanda, usiutoe. Usukani wa Noah uko kulia, kama magari mengi ya huku kwetu, na hiyo ikawa faida: Zambia na Namibia wanaendesha kushoto, sisi kulia. Hatari iko siku ya kurudi, ukishavuka Kasumbalesa umechoka na mkono unasahau.

Hati, kwa ufupi. Kuna kadi mbili za njano, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya chanjo ya homa ya manjano, kila msafiri anayetoka kwetu aishike mkononi. Ya pili ni bima ya gari ya COMESA. Inakulinda Zambia, lakini Namibia ilijitoa COMESA mwaka 2004, kadi hiyo haifanyi kazi kule. Namibia anayegongwa analindwa na mfuko unaolipwa kupitia bei ya mafuta, na mpakani gari la kigeni linalipia ushuru wa barabara. Kila mtoto awe na cheti kamili cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili. Rand za Afrika Kusini zinapokelewa Namibia sawa na dola ya kwao. Na usinunue nyama mbichi Rundu ukitegemea kuipika Etosha: njiani kuna uzio wa mifugo, na kwenye lango la Mururani wanafungua kila kitunzabaridi. Nyama ya ng'ombe au mbuzi kutoka kaskazini haishuki kusini, kwa kuzuia magonjwa ya mifugo. Samaki wa nkambo wangepita, lakini samaki tulikuwa tunawafuata.

Kosa langu

Maji niliyahesabu vizuri. Lita 5 kwa mtu kwa siku, lita 30 garini kila asubuhi, madumu mawili ya akiba yasiyoguswa, pakiti za chumvi na sukari za kuhara kwa yeyote atakayetoka jasho sana. Nilimweleza yaya kwamba hewa kavu inakausha jasho kabla hujaliona, kwa hiyo mtu anaweza kuwa anapoteza maji na shati lake kavu. Dawa ya presha ya nkambo ni ile inayokojoza, na daktari wake alimwona kabla ya safari akampangia saa za kuinywa.

Tarehe 21 Desemba, siku ya sita, walitoka Rundu alfajiri. Simu iliniita saa tano kasoro. Walikuwa kituo cha mafuta Grootfontein. Nkambo alikuwa ameshuka garini, miguu ikakataa. Yaya alimshika, wakamlaza kivulini ukutani. Midomo ilikuwa mikavu, alikuwa anaongea polepole. Niliwaambia wamloweshe shingo na makwapa, wampe maji yenye chumvi na sukari kidogokidogo, na wakiona maneno yanachanganyika waende hospitali bila kuningoja. Baada ya nusu saa alikaa. Walimpeleka hospitali ya mji hata hivyo, akapimwa presha, akaruhusiwa mchana.

Chupa yake ya asubuhi ilikuwa imejaa. Ya jana pia, aliificha chini ya kiti. Yaya alipomuuliza, akasema hakutaka kusimamisha gari kila saa mbele ya wajukuu na mkwe, achuchumae barabarani pasipo na kichaka. Kutoka Katima hadi Rundu ile ni barabara iliyonyooka, miti mifupi, gari zinapita. Mama wa miaka 71, mwenye heshima zake, aliona afadhali kiu.

Mimi nilihesabu maji yanayoingia. Sikuhesabu yanapotokea. Katika programu yangu yote, na kurasa zake, hakuna mahali nilipoandika choo. Mwaka 2019 nilisafiri na dereva wa lori, wanaume wawili, Julai, baridi. Jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja. Yaya angelijua kama ningemwomba yeye apange vituo badala ya kupanga mimi.

Usiku ule, kwa simu, tulipanga upya siku zote zilizobaki: kusimama kila baada ya kilomita 120 hivi, mahali penye choo cha kufungwa, na yaya anashuka kwanza kila mara, iwe anahitaji au hahitaji, ili nkambo asiwe peke yake. Pale ambapo kituo hakipo, kanga mbili na mlango wa nyuma wa Noah uliofunguliwa. Mwendo ulipungua. Siku ya Rundu hadi Katima wakati wa kurudi waliondoka kulipopambazuka badala ya saa moja. Chupa ya nkambo ilikuwa inaisha.

Etosha walimwona kifaru mmoja usiku kwenye kisima chenye taa pale Okaukuejo, na springbok wadogo wengi mpaka mtoto akachoka kuhesabu. Tairi hazikupasuka hata moja.

Tarehe 26 yaya alinitumia video kutoka Walvis Bay. Nkambo amesimama kwenye ukuta wa mawe mbele ya maji, kitenge kimefungwa juu ya sweta, upepo unavuta kilemba. Mbali zinaonekana meli mbili za uvuvi. Anaangalia muda mrefu bila kusema. Halafu bila kugeuka: "Kumbe maji yake ni baridi hivi."

Binti hakuonekana kwenye video. Ndiye aliyekuwa ameshika simu. Aliporudi alikuja kwangu na jedwali lake la ukutani, safu ya Desemba imekatwa kwa kalamu nyekundu. Anataka Julai, watu watatu, kulala ndani ya lango la Sesriem ili watoke saa moja kabla ya jua. Vituo amevipanga mama yake. Mimi nimepewa tairi.